Kikasha kimoja, watu watano na laini iliyozimwa

Ijumaa saa tatu asubuhi, mwezi wa saba, msimu wa kupanda Kilimanjaro umeshika. Mhudumu wa ofisi ya kampuni ndogo ya utalii mjini Moshi kanunua simu mpya na anataka kuweka humo barua pepe ya kampuni. Anaandika anwani, anaandika neno la siri ambalo ofisi nzima inalijua kwa kichwa, na Google inamjibu kwamba imetuma meseji yenye namba kwenye simu inayoishia na 41. Ofisini hakuna mwenye laini inayoishia na 41.

Kampuni hii ni ya mfano. Tumeijenga kwa makosa yanayojirudia katika ofisi za aina yake, na kila kipande cha kisa ni jambo ambalo Gmail hulifanya kweli.

Watumiaji wa kikasha hiki cha barua pepe ni watano: mwenye kampuni, ambaye wote wanamwita Mama, meneja wa safari, wahudumu wawili wa ofisi, na mhasibu anayekuja Jumanne na Alhamisi. Akaunti ni Gmail ya bure, ilifunguliwa mwaka 2015 na meneja wa kwanza. Fomu ilidai namba ya simu, naye akaandika yake kwa kuwa ndiyo iliyokuwa mkononi. Baadaye akawasha uthibitishaji wa hatua mbili, yaani neno la siri kisha namba inayotumwa kwenye simu, jambo jema kabisa, ila kwa laini ileile. Mwezi Machi aliacha kazi kwa amani, akaagwa kwa soda na keki. Namba yake ya simu ikabaki ndani ya akaunti.

Kwa wiki kadhaa baada ya hapo mambo yalikwenda hivihivi, kwa simu.

"Shikamoo kaka. Samahani, zile namba zimeingia huko?"

"Marahaba. Ngoja... G, kistari, nne nane mbili..."

"Taratibu kaka, naandika."

Mtu ambaye hayupo tena kwenye orodha ya mishahara ndiye aliyekuwa akifungulia ofisi mlango, na hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu alikuwa mtu mwema na alipokea simu. Kisha akahamia mtandao mwingine wa simu, laini ya zamani akaizima. Kampuni haiwezi kwenda dukani kuirudisha: laini Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) ya mwenyewe, kwa hiyo ni yeye tu anayeweza kuidai. Na laini ikikaa bila kutumika kwa muda mrefu, mtandao huiuza upya kwa mtu mwingine. Hapo namba inayoishia na 41 itakuwa hai tena, mikononi mwa mtu msiyemjua, ikipokea meseji zenu.

Kilichofuata Ijumaa hiyo ni kile ambacho karibu kila ofisi hufanya. Mhudumu alijaribu tena. Akajaribu maneno ya siri ya zamani. Mwenzake akajaribu kwa simu yake, meneja akajaribu kwa laptopu yake akiwa nyumbani. Kila jaribio lililoshindwa liliongeza shaka kwa upande wa Google, mpaka ikaacha kabisa kutoa njia nyingine na kusema majaribio yamezidi, warudi baadaye. Kubahatisha hakusaidii. Google hupima kifaa, mahali na mtandao unaotumika pamoja na kile unachokijua, na watu watatu wanaogonga kwa zamu kutoka sehemu tatu wanafanana sana na mwizi.

Nusura likatokea baya zaidi. Kompyuta ya kaunta, ile nzee yenye kibodi iliyofutika herufi, ilikuwa bado imo ndani ya akaunti. Meneja wa zamani aliwahi kuweka alama kwamba isiulizwe namba tena kwenye kompyuta hiyo. Mhudumu wa pili alishika kipanya ili atoke kwenye akaunti na kuingia upya, "ijirekebishe." Angetoka, kompyuta hiyo nayo ingeweza kuanza kuulizwa namba. Angesafisha historia na vidakuzi vya kivinjari, yaani kumbukumbu ndogo zinazoifanya Google iitambue kompyuta, ingeulizwa bila shaka. Kifaa kilichobaki ndani ndicho mali ya thamani kuliko vyote siku kama hiyo: hakizimwi, hakisafishwi, hakitolewi, na wengine wote waache kujaribu.

Kutoka kwenye kompyuta hiyo kazi ina mpangilio wake, na mpangilio una maana. Wengi hukimbilia kubadilisha neno la siri kwanza. Hilo ndilo kosa, kwa kuwa kubadilisha neno la siri hutoa nje vifaa vingi vilivyokuwa ndani, na ukiombwa namba katikati ya safari hiyo, itapelekwa kwenye laini iliyokufa. Kwa hiyo namba ya simu kwanza. Bofya picha ya akaunti juu kulia, ingia kwenye usimamizi wa akaunti ya Google, sehemu ya usalama. Itaomba neno la siri, ambalo wanalo. Kwa kompyuta iliyotumika miaka mingi mahali palepale mara nyingi hiyo hutosha, ingawa si kila mara. Weka namba ya Mama kwenye uthibitishaji wa hatua mbili na pia kwenye simu ya kurejeshea akaunti. Hizo ni sehemu mbili tofauti, na watu hubadilisha moja wakadhani wamemaliza. Ndipo ondoa ile ya 41. Ujue kwamba namba ya kurejeshea iliyoondolewa bado inaweza kutumiwa na Google kwa siku 7, ulinzi dhidi ya mwizi anayekubadilishia namba. Ndiyo sababu kazi hii haingoji laini ikaanguka kwa mtu mwingine.

Laini ya Mama, au laini iliyosajiliwa kwa jina la kampuni yenyewe. Isiwe ya mhudumu hata kama yeye ndiye anayekaa karibu na simu.

Hatua ya pili ni namba za akiba. Google hutoa 10 kwa mkupuo, kila moja ya tarakimu 8, kila moja hutumika mara moja tu. Zichapishwe kwenye karatasi. Nakala moja ikae kwa Mama nyumbani, nyingine kwenye sefu au sanduku la fedha, na ikitumika moja ikatwe kwa kalamu palepale. Ukitoa mkupuo mpya, ule wa zamani unakufa wote, hivyo karatasi ya zamani ichanwe, isije ikamdanganya mtu usiku wa manane. Kuzipiga picha na kuziweka kwenye grupu la WhatsApp la ofisi ni kurudi mlemle tulimotoka.

Baada ya hapo ndipo neno la siri linabadilishwa, na safari hii analijua Mama peke yake.

Ofisi nyingi huishia hapo, lakini ndipo kisa hiki kinapoanza kunoga. Neno jipya la siri huvitoa vifaa vingi, na huua maneno ya siri ya programu, yale ya herufi 16 yanayotumika kwenye programu za zamani za barua. Haligusi mambo matatu: barua zinazopelekwa kwingine moja kwa moja, vichujio (kanuni zinazopanga au kuhamisha barua zenyewe), na watu waliokwisha kupewa ruhusa rasmi. Mambo haya hukaa ndani ya kikasha, hayahitaji mtu aingie. Mlango ukibadilishwa kitasa, bomba lililotobolewa ukutani linaendelea kutoa maji.

Kwa hiyo fungua Gmail kwenye kompyuta, alama ya gurudumu, mipangilio yote, upite vichupo vya juu. Cha nne kutoka kushoto ni cha akaunti: tazama ni anwani zipi zinaruhusiwa kutuma kwa jina la kampuni na nani ana ruhusa ya kuingia. Cha tano ni vichujio. Cha sita ni kupeleka barua kwingine pamoja na POP na IMAP, njia mbili ambazo programu nyingine za barua hutumia kusoma kikasha. Kisha shuka chini kabisa ya kikasha, upande wa kulia, kuna maandishi madogo yanayosema akaunti ilitumika lini mara ya mwisho. Bofya maelezo yake utaona matumizi ya karibuni: kivinjari, simu, IMAP au POP, anwani ya mtandao na saa.

Kwenye kichupo cha tano cha kampuni yetu palikuwa na kichujio kimoja ambacho hakuna aliyekijua. Barua yoyote yenye neno "invoice" au yenye kiambatisho na neno "passport" ilipelekwa nakala kwenye Gmail binafsi ya mhasibu aliyetangulia, aliyeondoka miaka miwili nyuma.

Mama alitaka kupiga simu polisi. Polepole kidogo hapo. Kichujio hicho aliombwa akiweke wakati ule, ili apate ankara akiwa nyumbani na nakala za pasipoti za wageni kwa ajili ya vibali vya hifadhi. Alipoondoka alirudisha funguo za ofisi na mhuri. Kichujio hakuna aliyekumbuka kumwomba akifute, na yeye pengine kachoka kuziona barua zikiingia. Hata hivyo kwa miaka miwili pasipoti za watu wa Ujerumani na Marekani zilikuwa zikimiminika kwenye kikasha cha mtu asiye na kazi nazo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, humwangalia mwenye kampuni aliyekusanya taarifa hizo. Kilichofaa ni kukifuta kichujio baada ya kukipiga picha, kumwandikia mhasibu wa zamani kwa adabu afute alichonacho na athibitishe kwa maandishi, na kuweka mawasiliano hayo kwenye faili.

Kichujio cha namna hiyohiyo mikononi mwa tapeli ni hadithi nyingine. Yeye hatumi chochote kwa wiki kadhaa. Anasoma tu, anajifunza mnavyoandika, anangoja mgeni aliyekubali safari ya dola elfu kadhaa, kisha anamwandikia kwamba akaunti ya benki ya kampuni imebadilika. Kichujio chake huwa na kazi ya ziada: majibu ya mgeni huyo yanaruka kikasha na kwenda moja kwa moja kwenye kumbukumbu (archive) au tupio, ofisi isiyaone. Ukikuta kichujio kinachoficha barua zisionekane kikashani, usikichukulie kuwa usahaulifu. Wapigie wageni wanaodaiwa malipo siku hiyohiyo, kwa simu, kwa namba zilizo kwenye fomu zao.

Sasa kugawana kwenyewe. Watu watano kweli wanahitaji kusoma na kujibu barua za kampuni. Hawahitaji akaunti. Gmail hutenganisha vitu hivyo viwili tangu zamani, na ni ajabu jinsi njia hii isivyojulikana: kwenye kile kichupo cha nne kuna mstari wa kumruhusu mtu mwingine aingie kwenye kikasha chako. Mama anaandika anwani ya Gmail ya mhudumu, Google inampelekea mhudumu mwaliko, anaukubali, na ndani ya saa 24 anakiona kikasha cha kampuni akibofya picha yake juu kulia. Mwaliko usipokubaliwa ndani ya wiki moja unakufa. Gmail ya bure inaruhusu watu hadi 10.

Tofauti na mpango wa zamani ni kubwa. Kila mtu anaingia kwa akaunti yake, kwa neno lake la siri, na namba za uthibitisho zinakwenda kwenye simu yake mwenyewe. Anaweza kusoma, kujibu, kutuma, kufuta. Hawezi kubadilisha neno la siri la kampuni. Siku ya kuacha kazi, Mama anafuta jina moja kwenye orodha na wengine wanne hawahisi kitu.

Mtego mmoja: ofisi hufungua akaunti moja ya "mapokezi" na kuipa hiyo ruhusa, wahudumu wawili wakaigawana. Hapo neno la siri la pamoja limerudi kwa mlango wa nyuma. Ruhusa apewe mtu, na akaunti anayotumia iwe ya kazi, tofauti na ile yenye picha za harusi ya dada yake.

Mtego wa pili ni simu. Ruhusa hii ilijengwa kwa kivinjari cha kompyuta, huwezi kuitoa kwa programu ya Gmail ya simu, na kwa muda mrefu programu hiyo haikukionyesha kabisa kikasha cha kuazimwa. Usiwaahidi watu kitu kabla hujakijaribu kwenye simu zao zenyewe. Kwa kampuni yetu hili lilimgusa hasa kiongozi wa msafara, aliyekuwa akitaka kikasha kizima akiwa geti la Londorossi, mlango mmojawapo wa kupandia Kilimanjaro, ili aone idadi ya wageni na nani hali nyama. Huyo hahitaji kikasha. Anahitaji karatasi ya safari, na meneja anaweza kumtumia kwa WhatsApp jioni ya kabla.

Mtego wa tatu hauzungumzwi sana. Anayesoma kikasha husoma pia barua za kubadilisha maneno ya siri ya huduma nyingine. Kama tovuti ya kupokea oda za wageni, benki na ukurasa wa Facebook wa kampuni vyote vimeandikishwa kwa anwani hiyohiyo, mhudumu mwenye ruhusa ya kusoma anaweza kubofya "nimesahau neno la siri" popote na kupokea kiungo. Ruhusa ndogo inageuka kuwa kubwa. Mama akafungua anwani ya pili, isiyojulikana na wageni, ambayo hajampa mtu, akahamishia huko benki, jina la tovuti na kila kinachoweza kufungua kingine. Ilichukua mchana mzima, na kazi kubwa ilikuwa kukumbuka vimeandikishwa wapi.

Baada ya usalama, utaratibu wa kazi, kwa maana hasara iliyokuwa ikiwala kila wiki haikuwa ya wezi. Mwezi wa sita mgeni mmoja aliuliza bei ya kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Lemosho, siku 8, watu wawili. Mhudumu wa kwanza alituma kotesheni ya dola 2,150 kwa mtu. Saa mbili baadaye wa pili, aliyeikuta barua ileile kwenye simu yake, akatuma ya dola 1,980. Mgeni akachagua ya pili, kama ambavyo yeyote angefanya. Na kuna barua nyingine ambazo hazikujibiwa kabisa, kwa kuwa aliyezifungua alizifanya zionekane zimesomwa na mwenzake akadhani zimeshughulikiwa. Kwa neno la siri la pamoja kila jibu lilionekana limetoka kwa mtu mmoja, kwa hiyo hata ugomvi haukuwa na pa kuanzia.

Kwa kuingia kila mtu kwa jina lake, Gmail huweza kumwonyesha mpokeaji aliyetuma, jina la mtumaji likifuata anwani ya kampuni. Kuna chaguo la kulificha likabaki jina la kampuni tu. Kwa wageni wa nje tunashauri lisifichwe, kwa sababu mgeni hupenda kujua anaongea na nani, na ofisi inajua nani aliahidi nini. Kuna pia chaguo la kuamua kama barua iliyofunguliwa na mwingine ihesabiwe imesomwa au ibaki haijasomwa. Lisitegemewe kama orodha ya kazi. Tumia lebo: moja kwa kila mtu, na moja ya "imejibiwa, tunasubiri." Anayeichukua barua anaibandika lebo yake kabla ya kuandika neno la kwanza. Kabla, kwa sababu rasimu zimo kikashani na wote wanaziona, na watu wawili wakiifungua rasimu moja hufutiana maneno.

Kufuta iwe marufuku isipokuwa taka za wazi. Kilichofutwa hukaa tupioni siku 30 kisha hakirudi, na mwenye ruhusa anaweza kulimwaga tupio mapema.

Njia hii inatosha kwa watu watano. Kampuni yenye jina lake la tovuti na huduma ya kulipia ina njia nzuri zaidi. Kwenye Google Workspace, anwani ya info inaweza kuwa kikundi chenye kikasha cha pamoja ambamo barua hukabidhiwa mtu na kufungwa ikimalizika. Kwenye Microsoft 365, kikasha cha pamoja hakihitaji leseni yake mradi hakijapita GB 50, ila barua zinazotumwa hubaki kwa aliyetuma mpaka msimamizi aagize nakala ibaki pia kwenye cha pamoja. Wengi hugundua hilo siku ya kutafuta walichoahidi.

Wenye barua pepe ya bei nafuu inayokuja na hosting ya tovuti (huduma ya kuhifadhi tovuti kwenye seva) wajihadhari na POP. Kompyuta moja ikiwekwa kwa POP huweza kuteka barua na kuzifuta kwenye seva, wenzake wakabaki wanashangaa mbona wiki hii hakuna wageni. Hapo weka IMAP, inayoziacha barua kwenye seva, kwenye vifaa vyote, na anwani ya info iwe ya kupitishia tu, ikipeleka kwa visanduku vya watu wenyewe.

Hadi Jumatatu saa nne wanne kati ya watano walikuwa ndani kwa akaunti zao, na Mama alikuwa na karatasi yake ya namba 10 ndani ya bahasha ya hati ya kiwanja. Mhasibu hakuufungua mwaliko Jumanne, akasema ameona barua ya Kiingereza kutoka Google na kudhani ni matapeli. Jumanne iliyofuata ulikuwa umekufa, akatumiwa mwingine, safari hii Mama akiwa amesimama nyuma ya kiti chake.